Mama Pindo wa Cherehani ya Mlangoni

Jumapili hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, fundi mkuu wa Kituo cha Ushonaji cha kanisa letu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Ofisini ana jina lake kamili na cheo chake. Huku kwetu, kuanzia mchungaji mpaka mlinzi wa geti, ni Mama Pindo, kwa sababu hajatokea fundi wa kukunja pindo la suruali likalala kama anavyolilaza yeye. Wapo waliojaribu. Suruali zao tunaziona.

Kamati ya sherehe imenipa kazi hii mimi, mkataji wa kituo, niliyefanya naye kazi, meza yangu hapa na cherehani yake pale, tangu nilipokuwa msichana. Mwenyekiti alinisisitizia niandike mambo ya kuchangamsha, watu wasije wakalia kabla ya chakula. Nimemwambia nitajaribu. Lakini hakuna namna ya kumsimulia Mama Pindo bila kumsimulia mumewe, Mwinjilisti, aliyetolewa na askari kwenye mlango wetu na hajaonekana mpaka leo. Cherehani ya Mama Pindo haikuhama pale mlangoni miaka yote hii kwa sababu moja tu: alikuwa anamsubiri. Kwa mwingine, kustaafu ni kukabidhi mkasi na tepu ya kupimia. Kwake yeye ni kuondoka mahali ambapo mume akirudi angemtafuta kwanza, na hilo limemtesa kuliko macho yake mabovu.

Vijana wengi mmekua mkiliona kanisa liko wazi, basi nianze na wakati lilipokuwa limefungwa. Alianza kazi katika miaka tunayoiita miaka ya kufuli. Serikali ya wakati huo ilipiga marufuku makanisa yetu, mlango mkubwa ukazungushiwa mnyororo, na aliyekutwa akisali na wenzake alichukuliwa. Shemasi mmoja alikuwa na duka la ushonaji lenye chumba kirefu nyuma. Mwinjilisti alikwenda pale kuchukua shati lake, akasimama akasikiliza cherehani za kukanyaga zikipiga kelele, akasahau shati. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba amepata kanisa.

Mpango ulikuwa huu. Mbele, mafundi wa kweli wanashona. Nyuma, waumini wanasali, kila mmoja ameshika kitambaa au amekaa kwenye cherehani, na kelele za mbele zinafunika nyimbo za nyuma. Mama Pindo aliwekwa mlangoni awe jicho. Akiona mgeni, anauliza kwa sauti, kwa hasira kidogo: nani kachukua chaki yangu? Hapo wimbo unakatwa, Biblia zinaingia chini ya vitambaa, na kila mtu anakuwa fundi.

Tatizo ni kwamba wengi hatukujua kushona hata kifungo. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitoa shati lenye mikono mitatu, na alipoulizwa wa tatu ni wa nini, alisema wa akiba. Mwenyekiti wa kamati, huyu huyu anayetaka nichangamshe watu, aliishona tai yake kwenye pazia na ikabidi ikatwe. Na kwa kuwa cherehani ikikanyagwa polepole haina kelele, ilibidi nyimbo zote ziende mbio, hata zile za majonzi. Mpaka leo tunaimba hivyo. Mgeni akija kwetu anadhani tunawahi basi.

Siku moja ya ubatizo, chaki ya Mama Pindo ilipotea kweli. Bila kufikiri, akauliza. Mchungaji alikuwa ameshika mtoto mkono mmoja na bakuli la maji mkono wa pili, amefika katikati ya maneno. Alimpa mama mtu mtoto, akageukia rundo la nguo, akaanza kuzinyunyizia maji kama mtu anayeziandaa kwa pasi, jasho linamtoka. Tulikaa hivyo tukishona matambara hadi Mama Pindo alipokuja nyuma kuuliza mbona kimya. Mtoto yule leo ni mwalimu wa sekondari, na bado tunamtania kwamba alibatizwa pamoja na suruali. Baada ya siku ile chaki ilifungwa kamba kwenye mguu wa cherehani.

Alikuwapo pia askari wa mtaa wetu, tuliyembatiza Bwana Suruali bila mwenyewe kujua. Alimletea Mama Pindo sare yake apunguziwe, akaipenda, na kuanzia hapo kila akipata nguo mpya alikuja nayo Jumapili asubuhi, siku yake ya mapumziko. Alikaa kwenye benchi akisubiri, huku nyuma watu wamejikaza na mkate wa meza ya Bwana uko chini ya shuka. Mama Pindo hakuwahi kumharakisha. Alisema nguo ya adui nayo ina haki ya kushonwa vizuri. Majirani walipomwona askari anaingia na kutoka kwa raha zake, waliamini duka lile ni salama, nasi tukapata kivuli.

Askari waliomchukua Mwinjilisti hawakuwa wa mtaa wetu. Walikuja Jumapili, ibada imekolea, na walikuja na jina lake. Mama Pindo aliuliza chaki. Nyuma tukanyamaza, tukakanyaga. Mwinjilisti aliwasikia wakisema watapekua duka zima, na kabla hawajavuka meza ya kukatia alitoka mwenyewe, akasema ndiye wanayemtafuta na amefuata nguo zake. Kama wangesogea hatua chache tu wangetukuta sote, wazee, wajawazito na watoto, akiwamo binti yake mwenyewe aliyekuwa amelala juu ya rundo la matambara.

Mkubwa wao akamgeukia Mama Pindo, akamuuliza kama anamfahamu mtu huyu.

Jibu walikuwa wamekubaliana nyumbani, mume na mke, wakalirudia mara nyingi mpaka likazoea mdomo. Duka lile hakuna anayemjua mwenzake, atakayekamatwa ni mteja. Na sheria ya pili ilikuwa kwamba achukuliwe atakayechukuliwa, cherehani ya mlangoni isisimame, kwa sababu ikisimama, nyuma tutashtuka na kukimbia. Basi alijibu bila kuondoa mguu kwenye pedali. Alisema, ni mteja tu.

Wakampitisha mbele yake. Hakuinua kichwa, maana uso ungemsaliti. Aliona viatu vya mumewe vikivuka kizingiti, vikifuatwa na buti, basi. Aliendelea kukanyaga mpaka kitambaa kilichokuwa chini ya sindano kikachanika chote. Watu wote tuliokuwa chumba cha nyuma siku ile tulilala nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa mmoja wao, nina miaka kumi na sita, na kama kuna siku nitaisahau, si hiyo.

Kilichofuata ndicho kilicholeta huduma ambazo leo kanisa linajivunia, hata kama taarifa za mwaka zinaandika kwamba zilianzishwa na kikao. Hakuna kikao! Mama Pindo alikuwa akienda geti la gereza na furushi la nguo, anaambiwa mtu huyo hayupo hapa. Wiki nyingine anakwenda tena. Pale getini aliwakuta wanawake wengine, wake wa wezi, mama za walevi, dada za watu waliokamatwa bila kujua kosa. Wengine hawakuwa na cha kupeleka. Akaanza kugawa furushi lake. Halafu akaanza kushona la ziada. Halafu akatubeba na sisi, tukawa tunakwenda kwa zamu, na alipofika mahali getini wanamwita mama, ndipo wazee wa kanisa wakasema hii ni huduma na inahitaji katibu.

Wale wanawake wa getini ambao waume zao walifia ndani hawakuwa na pa kushika. Aliwaleta dukani akawafundisha kazi. Kufuli lilipofunguliwa na kanisa likarudishiwa jengo lake, shemasi alitoa duka lote liwe Kituo cha Ushonaji, na Mama Pindo akawa fundi mkuu. Leo sare za shule za watoto wa mtaa huu zimeshonwa na wajane waliopita mikononi mwake. Majoho ya kwaya, mapazia ya zahanati, shuka za wodi ya wazazi, ni wao. Usione vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda ni mwanamke ambaye alikuwa anafumua kazi mbaya bila huruma na kukurudishia uzi wako. Mimi nilifumuliwa joho moja mara nne. Nilimchukia wiki nzima.

Lakini alikuwa na jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Magereza yalipofunguliwa, ndugu waliochukuliwa walirudi, mmoja mmoja, wamekonda, wengine hawasikii vizuri. Mwinjilisti hakurudi. Yule shemasi mwenye duka, aliyekuja kukamatwa baadaye, alieleza mbele ya wazee kwamba gerezani alikuwa chumba cha pili yake na alimsikia akikohoa msimu mzima wa mvua, mchana na usiku, mpaka asubuhi moja hakusikia tena. Wazee waliinamisha vichwa. Mama Pindo alimmiminia shemasi chai akasema kukohoa si kufa, kikohozi kinapona.

Wakamwomba ruhusa ya kufanya ibada ya mazishi. Aliwashukuru, akaomba wasogeze mbele. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Hakukataa kwa ukali, alisogeza tu, hadi wazee wenyewe wakaanza kufa na waliobaki wakaacha kuuliza. Kila Jumatano wajane wa kituo hukutana kwa maombi. Yeye ndiye aliyeanzisha maombi yale, yeye ndiye aliyekuwa akipika chai, lakini hakuwahi kukaa kwenye duara. Alisimama na birika. Mgeni akimkaribisha kiti alijibu kwa adabu kwamba yeye ana mume.

Tulimwacha. Wengine tuliona ni imani kubwa, tukaisifu hata madhabahuni, tukasema tazameni tumaini la mama huyu. Sasa naona tulikuwa tunaogopa kumgusa, tukaliita woga huo heshima. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila kilio chenyewe kilichelewa sana kuja.

Kilikuja mwaka jana. Alijiunga na kituo binti mmoja, kibarua wa kushona vifungo, mama wa watoto wawili. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye daraja, mto ukajaa ukamchukua, mwili haukuonekana. Alikuwa na mkono mwepesi binti yule, na Mama Pindo alimpenda, akampa cherehani ya dirishani, karibu na yake. Miezi ikapita. Siku moja mama mkwe wa binti alikuja kituoni analia. Alisema mkwewe amekataa watu wasimfanyie marehemu hata sala. Kila jioni anamwekea mwanamume sahani, na watoto hawaruhusiwi kula mpaka baba achelewe vya kutosha. Yule mdogo ameanza kukaa njiani kumngoja. Akamwomba Mama Pindo, wewe ni mtu mzima, kaa naye, anakusikiliza.

Mama Pindo alimwita. Mimi nilikuwa mezani nakata sare, sikuwa na pa kwenda, nikasikia yote. Alimwambia kwa upole kwamba watoto wana haki ya kumlilia baba yao. Binti hakukasirika. Alimtazama kwa mshangao, akamwambia, mama, si nakufuata wewe? Mbona wewe hujamzika wako?

Cherehani ya mlangoni ilisimama. Mama Pindo akachukua mkoba wake akaondoka, mchana kweupe, kazi haijaisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku aliyokuwa na homa. Siku zilizofuata hakuja. Nilimpelekea chakula, nikakuta kitanda hakijalaliwa na macho yamemvimba.

Alizungumza bila kuniangalia. Alisema neno la mwisho alilosema juu ya mume wake ni mteja tu. Alisema miaka yote anamsubiri amwombe radhi kwa neno hilo, uso kwa uso, kwa sababu akikubali kwamba amekufa, basi amekufa na hilo neno masikioni, na hawezi tena kulifuta. Nilitaka kumkatiza nimwambie sisi sote tuko hai kwa neno lile. Badala yake nililia tu, nisimfae kwa lolote.

Baadaye akaniambia, sasa akiwa ametulia, kwamba amekumbuka nani alimfundisha neno lenyewe. Ni yeye Mwinjilisti, jikoni kwao, akimsahihisha sauti, akimwambia usitetemeke, sema kama umechoka na maswali. Angesema jingine, mume angevunjika moyo. Alivuka kizingiti anaisikia cherehani inakwenda, akajua mkewe ameweza na mtoto yuko salama. Akasema, kumbe tuliagana.

Halafu akasema juu ya yule binti wa vifungo. Alisema kushona amemfundisha vizuri, lakini hili la kungoja amemfundisha vibaya, na hawezi kustaafu akaliacha likiendelea kwenye nyumba ya watoto wadogo. Kazi mbaya inafumuliwa na aliyeishona. Aliwaita wazee wa kanisa mwenyewe, akawaambia tarehe imefika, na wale wazee vijana wa siku hizi ikabidi waelezwe tarehe ya nini.

Kwa hiyo ndugu wapendwa, ratiba mliyoshika mkononi inayoanza na ibada ya mazishi haijakosewa. Watu wawili wameshairudisha ofisini wakidhani mchapaji amechanganya karatasi. Tutamzika kwanza Mwinjilisti, bila jeneza, kwa sala na nyimbo, na mkewe ameomba tuziimbe taratibu. Baada ya hapo ndipo tutamuaga fundi wetu, hotuba zitakuwa fupi, mwenyekiti ameapa, na chakula kitafuata. Binti wa cherehani ya dirishani amesema atakuja na watoto na mama mkwe wake. Hajasema zaidi ya hapo na hatumsukumi.

Macho ya Mama Pindo yana mtoto wa jicho. Moja limefanyiwa upasuaji, la pili linasubiri, na daktari amemkataza sindano. Anahamia mji mwingine kwa binti yake, muuguzi, yule yule aliyelala juu ya matambara. Wajane wa Jumatano wananiomba niandike kwamba juzi, bila kuambiwa na mtu, alimpa mwingine birika akavuta kiti.

Jambo moja kuhusu mstari wa kumpa mkono. Tangu Mwinjilisti achukuliwe, hakuna aliyempa mama huyu pole ya msiba akaipokea. Waliothubutu aliwauliza, pole ya nini, kwani nani kafa? Tukazoea kumsalimia na kupita, miaka yote, kama watu wasio na utu. Nimemuuliza, naye amesema Jumapili atazipokea. Basi jamani, msimfikie na hongera mdomoni. Hongera ina nafasi yake, baada ya chakula.

Mama Pindo, tuliokuwa chumba cha nyuma na watoto wetu na wajukuu wetu tunakushukuru. Asante kwa mguu ambao haukusimama. Nenda kwa mwanao, ulale mchana bila kuona haya, upate macho ya kuwaona wajukuu, na Mungu akutunze kwa miaka yote aliyokuwekea. Kituo hiki ni kwako siku yoyote.

Na pole, mama. Pole sana kwa kufiwa na mume.